Diski moja haitoshi, uliza kijana wa kamera Osiri

Kama wewe ndiye kijana wa kamera anayeitwa kila harusi na kila matanga huku Osiri, Nyatike, hii inakuhusu. Hebu niambie, video zote umeziweka wapi? Wacha nibahatishe: kwa diski moja nyeusi ya kubeba, iko ndani ya begi moja na laptopu.

Sasa mwaka ujao mtu anakupigia simu. Amempoteza mamake, na sauti ya mama imebaki tu kwa video ya harusi uliyopiga wewe. Unachomeka diski. Inalia tik, tik, tik, halafu kimya.

Ndani ya hiyo diski kuna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake bila kuigusa, nafasi ndogo kuliko upana wa unywele mara nyingi sana. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinakwaruza sahani na kilichokwaruzwa hakirudi. Hata usipoiangusha, itachoka tu. Zile za kisasa zisizo na sahani nazo huchoka, tena hufa bila hata kukohoa.

Utaona watengenezaji wakiandika kwamba diski ina wastani wa saa milioni moja kabla ya kuharibika. Hiyo ni miaka 114! Usidanganyike. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski 114, utarajie kama moja ife kila mwaka. Na hizo ni hesabu za karatasi. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipitia rekodi za diski zipatazo 100,000. Zilizobadilishwa kila mwaka mara nyingi zilikuwa asilimia 2 hadi 4, na kwingine zilifika 13.

Piga hesabu basi. Kampuni yenye diski 100,000, kwa asilimia 2, inazika diski 2,000 kwa mwaka. Tano au sita kila siku, Krismasi ikiwemo. Mbona picha zako za mtandaoni hazipotei?

Kwa sababu hawa watu hawatafuti diski isiyokufa. Ni kama shimo la dhahabu: hakuna anayeshuka chini akitegemea gogo moja lishikilie ukuta wote. Google walipoeleza mfumo wao wa faili mwaka 2003, kila kipande cha data kilikuwa na nakala tatu kwa mashine tofauti. Ni salama, lakini ni ghali.

Njia ya bei nafuu ni hesabu ya darasa la pili. Diski ya kwanza ina 4, ya pili ina 5, ya tatu unaiandikia jumla, 9. Ya pili ikifa? Toa 4 kwa 9, umeipata 5 yako. Mwaka 2015 kampuni ya Backblaze ilieleza jinsi ilivyogawa data vipande 17, ikaongeza vitatu vya hesabu, kisha ikatawanya vyote 20 kwa mashine 20. Tatu zikifa kwa mpigo, mteja hajui kitu.

Lakini hesabu haizimi moto. Septemba 26, 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kule Daejeon kiliungua, na hifadhi ya maafisa wa serikali yenye terabaiti 858 ikapotea. Haikuwa na nakala nje ya jengo hilo. Serikali nzima, jamani, na mambo ni yale yale ya begi lako.

Wewe nunua diski ya pili, hata kama ni ndogo, ikae kwa shangazi Migori mjini au Homa Bay, si kwa droo ile ile. Wingu ni zuri, ila kwa bando zetu video ya saa nne itakula pesa kabla padri hajamaliza mahubiri. Pakia zile dakika ambazo mama anaongea. Kila miezi mitatu fungua nakala, uitazame kweli, usihesabu majina ya faili tu.

Na mteja mpe yake kwa flashi siku hiyo hiyo. Hiyo nayo ni nakala, tena inalala nyumba nyingine.