Sanduku la Mzee: Vitu, Kumbukumbu na Wosia

Katika nyumba nyingi za Tanzania mna sanduku la bati ambalo ufunguo wake hukaa kwa mzee peke yake. Ndani yake huwamo hati ya kiwanja, stakabadhi za miaka mingi, kanga zisizovaliwa tena, picha, na saa iliyokwisha simama. Aghalabu watoto huviona vitu hivyo kuwa ni takataka, naye mwenyewe huviona kuwa ni maisha yake. Tofauti hiyo ina sababu zilizokwisha chunguzwa na wataalamu.

Sababu ya kwanza ni nguvu ya umiliki. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Baadhi yao walipewa vikombe. Walipotakiwa kuviuza, walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Ikiwa kikombe cha muda mfupi hupanda thamani kiasi hicho, cherehani iliyowalipia watoto ada ya shule itakuwaje?

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Uchunguzi wa Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, uliofanywa kwa familia za Chicago na kuchapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba vijana hupenda zaidi vitu vya kutumia, ilhali wazee huthamini zaidi vile vinavyowakumbusha watu na siku zilizopita, hasa picha. Katika uzee ubongo hukitambua kilicho mbele ya macho kwa wepesi kuliko unavyolitafuta jambo lisilo na kidokezo. Kwa hiyo anayemtupia mzee saa yake huenda akamfungia na mlango wa kumbukumbu.

Hata hivyo, haifai kuyaacha mambo kama yalivyo. Vitu vilivyorundikwa njiani humkwaza mzee, naye akianguka aweza kuvunjika nyonga. Hasara nyingine hutokea baada ya kifo, pale mjane anaposhindwa kuonyesha hati ya shamba alilolilima miaka yote.

Hivyo yafaa kuanza na karatasi, maadamu akili ya mzee ingali timamu. Hati, kadi ya benki na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwekwe pamoja, na mtu mmoja au wawili anaowaamini wajulishwe vilipo. Kisha uandikwe wosia. Wako wanaodhani kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo, lakini wosia ni njia ya mwenye mali kusema neno lake mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo wahitaji mashahidi wasiopungua wanne. Wa maandishi wahitaji wasiopungua wawili iwapo mwenye wosia anajua kusoma na kuandika. Kwa Mwislamu, wosia hauzidi theluthi moja ya mali pasipo ridhaa ya warithi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini hupokea wosia na kuuhifadhi.

Vitu vingine vifuate polepole, aina moja kwa siku, kwani kuamua huchosha. Badala ya kumwuliza mzee, "Tukitupe?", heri aulizwe, "Ungependa kimfikie nani?" Swali la kwanza humnyang'anya, la pili humpa madaraka. Akimkabidhi mjukuu saa kwa mkono wake, na habari ya saa hiyo ikaandikwa au kurekodiwa kwa simu, kidokezo hakipotei bali huhamia kwa mwingine. Kuchoma au kugawa vitu vyake akiwa safarini au hospitalini ni kosa kubwa: hatawaamini tena watoto wake, na vilivyobaki atavificha.

Mzee aliyekwisha anza kupoteza kumbukumbu aachiwe vitu vichache alivyovizoea, mahali pale pale, maana humsaidia kuitambua nyumba yake. Na ikiwa mtu ambaye hakuwa na desturi hiyo aanza ghafla kukusanya makopo na matambara, asichekwe wala asigombezwe. Apelekwe hospitali, kwa kuwa mabadiliko ya namna hiyo huweza kuwa dalili ya maradhi ya ubongo.