Chujio la Maji: Vitundu Vidogo Vinavyozuia Kipindupindu, na Mlango Unaoachwa Wazi

Unaposoma maandishi haya kwenye kikundi chako, tafadhali msomee na jirani asiyeweza kujisomea.

Leo tunazungumzia kitu ambacho huenda kipo nyumbani kwako, kimening'inia ukutani au kimewekwa juu ya ndoo: chujio la maji. Ndani yake hakuna dawa wala umeme, ila kuna plastiki yenye vitundu vidogo sana. Tutaeleza vitundu hivyo vinatengenezwaje, vinazuia nini na haviwezi kuzuia nini. Kisha tutajibu swali ambalo akina mama wengi wanauliza: kama chujio ni zuri, mbona mtoto bado anaharisha?

Swali hilo si dogo katika eneo letu. Wakazi wa Goma hawajasahau Julai 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka ndani ya siku chache. Inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ziwa Kivu lilikuwa pale pale mbele yao. Maji yalikuwepo, ila maji salama hayakuwepo.

(Muziki mfupi)

Tuanze na ukubwa wa adui. Chukua milimita moja, ule mstari mdogo kabisa kwenye rula ya mwanafunzi. Igawe mara elfu moja. Kipande kimoja kinaitwa mikroni. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi. Kimelea cha kipindupindu kina unene wa karibu nusu mikroni na urefu wa mikroni mbili hivi. Ndiyo maana maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakaua.

Sasa fikiria kila chujio kama mlango. Swali ni moja tu: mlango huo una upana gani, na nani anaweza kupita?

Mlango wa kwanza ni kitambaa. Usikidharau. Majirani zetu wa Uganda na Sudan Kusini wanaujua mnyoo wa Guinea, ule unaotokeza mguuni kama uzi. Mnyoo huo huingia mwilini tunapokunywa maji yenye viroboto wadogo wa majini waliobeba mabuu yake. Viroboto hao ni wakubwa, wengine hukaribia milimita moja. Kwa hiyo kitambaa cha nailoni chenye vitundu vidogo kinatosha kuwazuia. Nchini Sudan yaligawiwa mamilioni ya mirija ya kunywea iliyofungwa kitambaa hicho ndani, ili hata mchungaji na msafiri wanywe salama njiani. Pamoja na kazi ya kuwaelimisha watu na kulinda visima, Uganda ilithibitishwa kuwa haina tena ugonjwa huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2018, na Kongo mwaka 2022.

Je, kitambaa kinazuia kipindupindu? Kwa sehemu. Nchini Bangladesh watafiti waliwafundisha wanawake kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba vimelea vingi vya kipindupindu hujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini, na kitambaa kikimnasa kiumbe, kinanasa na vimelea aliowabeba. Lakini vile vinavyoelea peke yake hupita. Nusu ya wagonjwa walibaki. Kwa hiyo kanga au kitenge safi kilichokunjwa ni bora kuliko kukosa kabisa, ila usikitegemee peke yake kama unaweza kupata njia nyingine.

Mlango wa pili ni utando wa plastiki, ule uliomo kwenye machujio mengi ya siku hizi. Vitundu vyake vina upana wa mikroni 0.2 au chini ya hapo. Kimelea cha kipindupindu hakipiti hapo, wala cha homa ya matumbo, wala amiba.

Lakini virusi ni wadogo zaidi. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wachanga, vina upana wa mikroni 0.07. Vya homa ya ini aina ya A havifiki mikroni 0.03. Hao hupita kwenye vitundu vya mikroni 0.2 bila shida. Ndiyo maana yapo machujio mengine yenye vitundu vya mikroni 0.02, mara kumi vyembamba zaidi. Hivyo muulize aliyekupa chujio: hili linazuia bakteria tu, au na virusi? Ni haki yako kujua. Kama linazuia bakteria tu, maji yakishachujwa yatie dawa ya klorini kwa kipimo ulichoelekezwa, au yachemshe.

(Muziki mfupi)

Pengine unajiuliza, ni sindano gani inayotoboa vitundu vidogo namna hiyo? Hakuna sindano. Plastiki inatoboka yenyewe.

Kiwandani wanachukua plastiki na kuiyeyusha kwenye kimiminika maalumu mpaka inakuwa nzito kama uji. Uji huo huminywa kwenye tundu lenye umbo la pete, ukatoka kama tambi yenye uwazi katikati, na tambi hiyo huingia moja kwa moja kwenye maji. Hapo ndipo jambo linapotokea. Kile kimiminika kilichoyeyusha plastiki kinakimbilia majini, na maji yanaingia mahali pake. Plastiki haipatani na maji, kwa hiyo inaganda, na pale kimiminika kilipokuwa panabaki matundu. Ukikata ukuta wa mrija huo na kuutazama kwa hadubini, utaona kitu kama kitumbua kilichoiva vizuri: ndani kimejaa nafasi, juu kina ngozi nyembamba. Ngozi ile ndiyo inayozuia vimelea. Sehemu ya ndani yenye nafasi kubwa inaishika ngozi isipasuke na inayaacha maji yapite haraka.

Wazo hilo la ngozi nyembamba juu ya sifongo lilitoka kwa Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Marekani, kuelekea mwaka 1960. Wao walitaka kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kabla yao tando zilikuwa nene kote, na maji yalipita polepole mno.

Hata mirija hiyo ina ndugu zake hospitalini. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff wa mji wa Kampen alichukua ganda la selofani linalofungiwa soseji, akalizungushia kwenye pipa la mbao, akapitisha damu ya wagonjwa wa figo ndani yake huku pipa likizunguka kwenye maji ya chumvi. Uchafu wa damu ulitoka kupitia vitundu vya selofani, na chembe za damu zikabaki. Wagonjwa wake wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 akapona. Leo mashine za kusafisha damu zinatumia maelfu ya mirija myembamba kama nywele, na chujio lako la maji limejazwa mirija ya namna hiyo hiyo.

(Muziki mfupi)

Sasa turudi kwenye swali la mama. Kama mlango ni mwembamba hivyo, mbona mtoto bado anaharisha?

Nchi mbili jirani zinatusaidia kujibu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watafiti walizipa familia kadhaa chujio la utando, na familia nyingine chujio la mfano lililofanana nalo kwa nje lakini bila utando wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Chujio halisi lilisafisha maji vizuri sana. Hata hivyo, tofauti ya kuharisha kati ya familia hizo haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha kwamba chujio limesaidia. Watu wengi, na hasa watoto, walikuwa bado wanakunywa pia maji yasiyochujwa: shambani, shuleni, kwa jirani.

Nchini Rwanda, mwaka 2014, zaidi ya kaya 101,000 maskini za Mkoa wa Magharibi zilipewa machujio, na wahudumu wa afya wa jamii wakazitembelea nyumbani kufundisha na kukumbusha. Huko, familia ziliripoti kwamba kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 29.

Unaona fundisho? Utando ulifanya kazi yake kote kuwili. Vimelea vilipata mlango mwingine ulioachwa wazi. Mtoto akinywa vikombe vitano vilivyochujwa nyumbani na kimoja cha mtoni njiani kwenda shule, kile kimoja kinatosha kumwangusha.

Kwa hiyo, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: maji yote ya kunywa yapite kwenye chujio, kila siku, kwa kila mtu. Mtoto aende shule na chupa yake. Anayekwenda shamba aondoke na dumu lake. Maji ya kuoshea matunda, ya kukorogea maziwa ya mtoto na ya kusukutua mdomo yawe hayo hayo.

Jambo la pili: linda maji yaliyokwisha kuchujwa. Utando hauachi dawa yoyote ndani ya maji. Kikombe kichafu kikizamishwa kwenye ndoo, au mkono usionawa, mmerudi mlipoanza. Tumia chombo chenye mfuniko na koki, au dumu lenye mdomo mwembamba.

Jambo la tatu: lisafishe chujio. Vimelea na tope havipotei, vinabaki vimeganda kwenye kuta za mirija. Maji yakianza kutoka polepole, vitundu vimeziba. Sukuma maji safi kinyumenyume kama ulivyoonyeshwa ulipokabidhiwa chujio. Usichokonoe kwa kijiti wala waya. Kama maji ya mto ni ya tope, yaache yatulie kwanza ndooni, kisha yapitishe kwenye kitambaa kabla ya kuyatia kwenye chujio. Litadumu zaidi.

Jambo la nne: lishike kama yai. Mirija hukatika chujio likianguka, na plastiki yake huharibika kwa maji yanayochemka. Ikiwa chujio lililokuwa polepole ghafla linatoa maji kwa kasi bila wewe kulisafisha, usifurahi. Huenda mrija umekatika na mlango umebaki wazi. Chemsha maji au yatie klorini mpaka lichunguzwe.

Jambo la tano: jua mipaka yake. Chumvi, floridi, dawa za shambani na mafuta ya taa vikishayeyuka au kuchanganyika na maji, hupita. Kuondoa chumvi kunahitaji utando mwingine. Katika miaka ya 1970, Mmarekani John Cadotte alitengeneza utando uliopakwa juu tabaka jembamba sana la plastiki ya aina nyingine, na tando za namna hiyo ndizo zinazosafisha maji ya bahari katika nchi za Ghuba. Zinahitaji pampu zenye nguvu. Chujio la nyumbani halina uwezo huo. Maji yakinuka dawa au mafuta, yaache, tafuta mengine.

Na kama pamoja na yote hayo mtu nyumbani anaharisha maji maji kama ya mchele, usisubiri kesho. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ya ORS, yaliyokorogwa kwa maji salama, huku mkimpeleka kituo cha afya.

Kabla hatujaagana, swali kwa kikundi chako. Hesabuni pamoja: jana, tangu kuamka hadi kulala, mtoto wako alikunywa maji mara ngapi, na wapi? Ni mara ngapi yalikuwa yamechujwa? Msioneane haya, na mtu asimcheke mwenzake. Kisha amueni ni mlango gani mtaufunga kwanza wiki hii.

Jirani mwema ni yule anayekuonyesha kisima safi. Na wewe uwe jirani huyo.