Dar hadi Mbeya na mtoto mdogo: Usimnyime maji ili asikojoe

Desemba ikikaribia, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Louis hujaa familia kabla hata jua halijachomoza. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, na begi tayari liko kwa mpiga debe ambaye hata hajaombwa. Safari ya kwenda kwa bibi imeanza.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu unashuka hadi 50. Ongeza mizani, matuta, malori na muda wa kula, unapata saa 12 hadi 14 barabarani, wakati mwingine zaidi. Mtu mzima anachoka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui hata kwa nini amekalishwa.

Wazazi wengi wana mbinu yao ya kumaliza safari hiyo bila usumbufu: mtoto hapewi maji tangu asubuhi ili asiombe kukojoa. Sababu inaeleweka. Kuchimba dawa kunategemea huruma ya dereva, na konda akishasema "dakika kumi tu" huwa hatanii. Mama mwenye watoto wawili hawezi kushuka porini kila baada ya saa moja.

Lakini katika mbinu zote za safarini, hii ni mojawapo ya zile mbaya zaidi.

Maji huisha haraka kwa mtoto

Mtoto mdogo hupoteza maji haraka kuliko mtu mzima, na hana akiba kubwa mwilini. Muweke kwenye basi ambalo kiyoyozi kimezimwa au hakipo, lipite bonde la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, kisha atapike mara mbili. Hapo tayari ana shida, na hospitali iko mbali.

Dalili zake hazihitaji daktari: mdomo mkavu, analia bila machozi, macho yameingia ndani, utosi umebonyea kwa mtoto mchanga, na pampasi inayobaki kavu kwa saa sita. Mtoto aliyelegea na kulala muda wote anaweza kuonekana "ametulia" kumbe hana nguvu. Hapo ndipo wengi hupotezwa, maana kila abiria anamsifia mama kwa kuwa na mtoto mpole.

Suluhisho ni maji kidogo kidogo, funda mbili tatu kila baada ya muda mfupi, badala ya chupa nzima kwa mara moja. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji kabisa hata kukiwa na joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, inatosha.

Na mkojo je? Mvalishe pampasi hata yule wa miaka mitatu aliyeacha zamani. Atakuonea aibu siku moja tu. Kwa aliye mkubwa kidogo, beba kopo lenye mfuniko unaobana, lile la siagi au la aiskrimu linafaa sana. Kopo hilohilo ni mkombozi wakati wa kutapika, hasa tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019.

Weka pia pakiti mbili za ORS kwenye mkoba wa mkononi, usiziache kwenye begi lililoko kwenye buti. Soma kipimo cha maji kwenye pakiti, kwa kawaida ni lita moja, na ukishachanganya usitumie baada ya saa 24.

Kwa nini wanatapika Kitonga

Mlima Kitonga, mkoani Iringa, una sifa yake. Kona ni kali, basi linapanda taratibu, na ukimya ndani ya gari unakatizwa na sauti ya mtoto wa siti ya nyuma.

Sehemu ya ndani ya sikio inauambia ubongo kwamba mwili unapinda na kuyumba. Macho ya mtoto, ambayo yanatazama mgongo wa siti au katuni kwenye simu, yanasema hakuna kinachosogea. Taarifa hizo mbili zikigongana, tumbo linachafuka. Walio chini ya miaka miwili hupatwa mara chache. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka miwili hadi 12.

Kwa hiyo simu ifungwe kabla ya kuanza kupanda, mtoto atazame nje, mbali. Apate hewa. Asipande mlima akiwa ametoka kushiba chipsi mayai, lakini tumbo tupu nalo halisaidii. Ndizi mbivu, mkate mkavu au kiazi kitamu cha kuchemsha vinatosha. Siti za katikati ya basi hurusha kidogo kuliko zile za nyuma kabisa, ambazo kwa mtoto ni adhabu.

Karanga na korosho za dirishani ni tamu, ila ziwe za wakubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, punje nzima ndani ya gari linaloruka matuta inaweza kumkaba.

Dawa ya kumlaza mtoto

Hili husemwa kwa sauti ya chini: wapo wazazi wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya kichefuchefu ili alale hadi Makambako. Dawa kama promethazine haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Gizani, akiwa amefunikwa khanga, nani atagundua?

Kama mtoto ana historia ya kutapika sana, zungumza na mfamasia au kliniki siku kadhaa kabla, ukiwa na uzito wake kwenye kadi. Kijiko cha kukadiria hakifai.

Kupakata ni bure, lakini

Mtoto wa kupakata kwa kawaida halipiwi nauli, na kwa familia ya watu watano hiyo ni pesa nyingi. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila hesabu yake ni hii: gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono yako kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mama wala baba anayeweza kuushika.

Ikiwezekana, mtoto anayeweza kukaa mwenyewe alipiwe siti na afungwe mkanda. Ikishindikana, mzazi ajifunge mwenyewe kwanza, mtoto akae mbele ya mkanda. Usiuzungushe mkanda mmoja juu yenu wote wawili, kwa sababu ajali ikitokea uzito wako ndio utakaombana. Na epuka siti ya mbele kabisa karibu na kioo, hata kama mtoto anaipenda.

Wenye gari binafsi hawana kisingizio. Kiti cha mtoto kifungwe siti ya nyuma, na mtoto asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika kumi. Joto hupanda haraka mno.

Mchana au usiku?

Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi. Usiku una baridi na mtoto analala. Ubaya ni kwamba vituo ni vichache, kuchimba dawa gizani na mtoto ni mtihani, na usingizi unamwinda dereva pia. Kabla ya kukata tiketi uliza kama basi lina madereva wawili. Kwa safari ndefu kama hii ndivyo inavyotakiwa.

Anayeishia Dodoma ana njia nyingine. Treni ya SGR inafika huko tangu mwaka 2024, ina choo, na mtoto anaweza kutembea kidogo.

Kwa wa Mbeya, usisahau sweta. Mtoto anaondoka Mbezi na fulana jasho likimtiririka, jioni anafika Mafinga anatetemeka, na nguo zote nzito ziko kwenye buti. Soksi, kofia na blanketi dogo vikae juu ya miguu yako. Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ndani ya nguo yake, maana stendi zote mbili, ya kuondokea na ya kufikia, zina watu wengi.

Dereva akikataa kusimama wakati mtoto anaumwa, mwambie konda kwa sauti ili abiria wasikie. Mara nyingi basi zima litakusaidia kupiga kelele.