Kiti cha Jumapili, mkanda wa Jumatatu

Kijana wa Nairobi akishanunua Subaru Impreza, akabadilisha ekzosi, akaishusha kidogo na kuivika magurudumu mapana, macho yake hugeukia ndani. Sasa anataka kile kiti cha baketi chenye mbavu ndefu, na ile mikanda minene inayokutana tumboni, kama aliyoiona Naivasha wakati wa Safari Rally. Jumapili gari litakuwa kwenye autokrosi au kwenye mashindano ya kukimbizana na saa. Jumatatu asubuhi litakuwa kwenye foleni ya Thika Road, na jioni litamchukua mtoto shuleni. Gari ni lile lile. Msimamo wangu nautoa mapema: gari lenye maisha hayo mawili lisifungwe mikanda ya mashindano mpaka liwe na tao la chuma nyuma ya viti, na hata likiwa nalo, mkanda wake wa kiwandani using'olewe.

Wengi huudharau mkanda wa pointi tatu kwa kuwa kila gari linao. Aliyeubuni, Nils Bohlin wa Sweden, hakuwa mgeni wa mikanda mizito. Kabla ya kuajiriwa na Volvo mwaka 1958 alikuwa Saab akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Nguvu ya mikanda inayomshika rubani mabega yote mawili aliijua. Alijua pia kwamba mtu anayekwenda kazini hatahangaika na vifungo vingi kila asubuhi. Akatafuta mkanda wa kufungwa kwa mkono mmoja, unaopita kifuani na juu ya mifupa ya nyonga, na mwaka 1959 Volvo ikaanza kuuweka kwenye magari yake. Hataza yake iliachwa wazi ili watengenezaji wengine nao wautumie. Tangu hapo wahandisi wamejenga gari zima kuuzunguka mkanda huo: kiti, mfuko wa hewa, hata kifaa kinachouvuta ukaze papo hapo gari linapogonga.

Tofauti kubwa huonekana gari linapobingirika. Paa la gari la kawaida linaweza kubonyea. Mkanda wa pointi tatu umekushika bega moja, kwa hiyo kiwiliwili kina nafasi ya kuinamia pembeni paa linaposhuka. Mikanda ya mashindano imekushika mabega yote mawili, na baketi imekubana mbavu. Umesimamishwa wima kama nguzo, na kinachopokea uzito wa paa ni kichwa chako na shingo yako. Dereva wa mashindano hufungwa hivyo kwa sababu juu yake pana mabomba ya chuma yatakayolizuia paa. Ukichukua mikanda ukayaacha mabomba, umejiweka pabaya kuliko ulipokuwa na mkanda wa kiwandani.

Porsche wanalielewa jambo hili. Magari yao ya 911 GT3 yana namba za barabarani, na wenye nayo wengi huyapeleka Nürburgring, Ujerumani, kwenye ile njia ya Nordschleife yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, ambako siku za wazi mtu hulipa na kuingia na gari lake mwenyewe. Kwa wanunuzi wa Ulaya kampuni hiyo ina kifurushi kiitwacho Clubsport. Ndani yake mna keji ya mabomba ya chuma inayofungwa kwa boliti nyuma ya viti, mikanda ya pointi sita ya dereva, kizima moto, na maandalizi ya swichi ya kukata umeme wa betri. Mikanda na keji vinakuja pamoja, na mkanda wa pointi tatu unabaki mahali pake kwa safari ya kurudi nyumbani.

Ila GT3 ya namna hiyo haina kiti cha nyuma, na hapo ndipo mwenye Impreza anapokutana na uamuzi mgumu. Ukifunga tao la chuma, kiti cha nyuma kimekwisha kazi. Mtoto hawezi kukaa na bomba la chuma mbele ya paji la uso wake, hata bomba likivikwa sponji. Keji kamili, ile yenye mabomba yanayoshuka kando ya kioo cha mbele, inaleta hatari hiyo kwa dereva mwenyewe: sponji ngumu ya mashindano imekusudiwa kugongwa na helmeti, si na fuvu tupu la mtu anayekwenda ofisini. Mgongano mdogo kwenye mzunguko wa barabara, ambao kwa kawaida ungekuachia maumivu ya shingo tu, unaweza kukupasua kichwa.

Mtu atanijibu kwamba magari ya rali nayo hupita barabara za umma kutoka mkondo mmoja hadi mwingine. Ni kweli. Lakini gari la rali limejengwa kwa kazi hiyo kuanzia sakafuni, waliomo ni wawili tu, na kwenye mkondo wenyewe wote wawili wamevaa helmeti na kinga ya shingo. Ukitaka kuliiga, liige lote.

Tuseme basi umeamua. Kiti cha nyuma umekitoa, tao limefungwa na fundi anayeijua kazi yake. Sasa mikanda. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mikanda ya mabega iliyofungwa kwenye zile boliti za mikanda ya abiria wa nyuma, chini sakafuni. Ukiitazama kwa ubavu, inatoka begani na kushuka kwa mteremko mkali. Gari likigonga, mwili unataka kwenda mbele na mikanda inauvuta chini, na mzigo wote unaangukia uti wa mgongo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinasema mikanda ya mabega isishuke zaidi ya digrii 45 kutoka ukingo wa juu wa kiti, na zinashauri isizidi digrii 10. Kwa maneno ya gereji, iende nyuma karibu sawasawa na bega. Ndiyo maana tao linahitajika kwa mara ya pili: lile bomba lake la kulala ndilo linaloipa mikanda mahali pa kushikia kwa urefu unaofaa. Tena huifanya iwe mifupi, na utepe mfupi hunyumbuka kidogo kuliko mrefu.

Mahali pa kufungia mikanda ya nyonga na ya katikati ya miguu napo pana hesabu yake. Bati la sakafu ni jembamba. Boliti yenye washa ndogo itachomoka na kuacha tundu. FIA inadai kila pointi ya mikanda ya mabega na nyonga iweze kuhimili nguvu ya karibu tani moja na nusu, na penye kutobolewa tundu jipya pawe na bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 40 za mraba upande wa pili. Lala chini ya gari ulitazame bamba hilo kwa macho yako kabla ya kumlipa fundi.

Halafu kuna mikanda ya pointi nne, inayouzwa sana kwa kuwa ni rahisi kufunga. Siipendi. Mikanda ya mabega ikikazwa, huuvuta mkanda wa nyonga juu, ukatoka kwenye mfupa na kupanda tumboni. Gari likigonga, makalio yanateleza mbele chini ya mkanda, nao unazama kwenye utumbo na ini. Ile mikanda miwili inayopita kati ya miguu katika seti ya pointi sita kazi yake ni hiyo tu, kuushikilia mkanda wa nyonga usipande. Kampuni ya Schroth ya Ujerumani ilipata njia nyingine kwa seti zake za pointi nne: mkanda wa bega moja una sehemu iliyokunjwa na kushonwa, ambayo hufumuka kwenye mgongano ili kiwiliwili kigeuke kidogo na nyonga zisiteleze. Huo ni uhandisi uliopimwa. Seti isiyo na jina iliyokatwa kwa umbo linalofanana haina mshono huo.

Shingo nayo isisahauliwe. Mabega yakishafungwa kabisa, kichwa chenye helmeti kinabaki huru na kinatupwa mbele peke yake. Mwaka 1981 dereva Mfaransa Patrick Jacquemart alikufa kwenye njia ya mashindano ya Mid-Ohio, Marekani, na kifo chake kilimsukuma rafiki yake Jim Downing kutafuta dawa pamoja na shemeji yake Robert Hubbard, mtaalamu wa mwendo wa mwili katika Chuo Kikuu cha Michigan State. Kinga waliyoibuni, HANS, hukaa mabegani chini ya mikanda na kuishika helmeti kwa kamba fupi. Kwa miaka mingi madereva waliikwepa. Februari 2001 dereva Mmarekani Dale Earnhardt alikufa mashindanoni Daytona kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, na Oktoba mwaka huo NASCAR, waandaaji wa mashindano hayo, ikalazimisha kinga za kichwa na shingo. Formula 1 iliifanya HANS kuwa lazima mwaka 2003. Kwa kuwa hushikwa na mikanda ya mabega yote mawili, haifai kuvaliwa na mkanda wa pointi tatu. Kwa hiyo anayenunua mikanda ya pointi sita anunue na kinga ya shingo siku hiyo hiyo, au asubiri mpaka fedha zitoshe vyote.

Kiti nimekiacha hadi sasa ingawa ndicho watu hukinunua kwanza, kwa sababu kiti kizuri huchaguliwa kwa kuuliza kitatumika na mkanda gani. Kaa ndani ya baketi dukani, kisha ujifunge kwa mkanda wa kiwandani, au muuzaji aushike mahali ungepita. Angalia nyonga. Baketi nyingi zina mbavu ndefu hata mapajani, na mkanda ukipita juu ya ukingo wa mbavu hizo unaning'inia hewani, haugusi mfupa wako. Unaonekana umekaza, kumbe umekikaza kiti. Mkono ukipenya kati ya mkanda na nyonga, kiti hicho hakifai kwa Jumatatu, hata kama ndicho kilichoshinda ubingwa. Kiti kinachofaa kina tundu au mkato ubavuni unaouruhusu mkanda ulale chini, juu ya mfupa wenyewe.

Tazama kichwani pia. Viti vyenye masikio makubwa kando ya kichwa huokoa maisha kwenye mkondo. Mjini huziba macho yako pale unapotaka kuchungulia makutano na bodaboda inakuja kwa pembeni. Kwa gari la barabarani mimi ningechagua kisicho na masikio. Na upana: kiti kikubwa kwa mwili wako hakikushiki, kidogo mno kinakutia ganzi miguuni kabla hujafika Naivasha. Kaa humo nusu saa, muuzaji akuvumilie.

Baketi isiyolala hutoa ushikaji bora kuliko kiti kinacholazwa, lakini kwenye gari la milango miwili huwafungia njia wanaokaa nyuma. Recaro na wenzao hutengeneza viti vya kulazwa vyenye matundu ya mikanda, na kwa gari lisilo na tao hicho ndicho ningemwambia rafiki yangu anunue. Lancer Evolution nyingi zilitoka kiwandani na Recaro za namna hiyo. Mwenye nazo hana haja ya kununua chochote.

Kabla ya kutoa kiti cha zamani, chungulia ubavu wake wa upande wa mlango. Kikiwa na kibandiko cha mfuko wa hewa, ukikitoa umeutoa na mfuko huo, pamoja na nyaya zake za rangi ya njano. Mafundi wengine huweka kirezista kidogo kuidanganya kompyuta ili taa ya dashibodi izimike. Taa itazimika, lakini kinga ya ubavu imeondoka, na mtu atakayeuziwa gari hilo hatajua.

Viti vya mitumba kutoka Japani ni vingi, na vya kuiga ni vingi zaidi, hasa vyenye jina la Bride. Kibandiko cha FIA hukuambia mengi kwa mistari michache. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 kina miaka 5 ya kukubalika tangu kutengenezwa, cha 8862-2009 kina 10. Mikanda hubeba mwaka wake wa mwisho umeandikwa kwenye kitambulisho kilichoshonwa. Jua huula utepe hata kama hujawahi kugonga, na mkanda uliowahi kubeba mwili katika ajali hautumiki tena. Kwenye kiti cha faibaglasi pitisha kidole kuzunguka matundu ya boliti za pembeni ukitafuta nyufa nyembamba. Ukizikuta, kiache.

Na kwa anayeshiriki mara chache kwa mwaka, mwenye familia na kiti cha nyuma anachokihitaji: nunua helmeti nzuri, kiti kinachopatana na mkanda wa kiwandani, basi. Siku ya autokrosi kirudishe kiti nyuma hatua kadhaa, jifunge, uvute mkanda kwa ghafla mpaka ujifunge wenyewe, kisha ukisogeze kiti mbele kwenye reli zake huku ukiuzuia mkanda usilegee. Utakushika nyonga na kifua barabara kona zote, na ukimaliza utabonyeza kitufe kimoja, ufungue mlango na uende zako nyumbani na wanao nyuma.