Uvuvi wa misimu katika pwani ya Mtwara

Uvuvi wa misimu katika pwani ya Mtwara ni uvuvi mdogo wa maji ya chumvi unaofanyika karibu na nchi kavu kusini mwa Tanzania, kuanzia ghuba za Mikindani na Mtwara hadi Ghuba ya Mnazi na mdomo wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Huitwa wa misimu kwa sababu wavuvi hubadili mahali pa kuvua, zana na aina ya samaki kufuatana na pepo mbili za mwaka, yaani kusi na kaskazi, na pia kufuatana na umri wa mwezi unaoongoza kujaa na kupwa kwa maji.

Wavuvi wengi hutumia vyombo vidogo: mtumbwi wa kuchonga, ngalawa, dau na mashua. Samaki wao huliwa vijijini, huuzwa mjini Mtwara na kupandishwa bara hadi miji ya uwanda wa juu wa Makonde kama vile Nanyamba, Tandahimba na Newala.

Mazingira

Pwani ya Mtwara iko karibu na mahali ambapo Mkondo wa Ikweta Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hufika Afrika na kugawanyika katika eneo la Rasi Delgado. Tawi moja huelekea kaskazini kupitia Tanzania na Kenya, na maji mengine huelekea kusini katika Mlangobahari wa Msumbiji. Maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima: karibu sentigredi 25 mwezi wa Agosti na karibu 30 mwezi wa Machi.

Sehemu ya kina kifupi kando ya pwani ni nyembamba. Mvuvi akivuka mwamba wa nje huwa tayari yuko kwenye kilindi. Kwa hiyo uvuvi wa vyombo vidogo hubaki katika ukanda wa aina nne za mazingira yaliyo jirani:

- mikoko, ambayo ni mingi hasa kwenye mdomo wa Ruvuma;
- matope na mchanga unaobaki wazi maji yanapokupwa;
- majani ya bahari kwenye maji tulivu ya ghuba;
- miamba ya matumbawe. Katika Ghuba ya Mnazi na jirani zake zimehesabiwa zaidi ya spishi 200 za matumbawe.

Mazingira haya hutegemeana. Kamba hutaga baharini, lakini wachanga wao huingia mikokoni, wakakua humo na kurudi baharini. Changu na tasi wengi huanza maisha katika majani ya bahari kabla ya kuhamia mwambani. Mto Ruvuma, wenye urefu wa karibu kilomita 800 kutoka milima ya Matogoro karibu na Songea, huleta maji baridi na tope lenye rutuba, hasa wakati wa mvua.

Kaskazi

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa kawaida ni upepo mwepesi kuliko kusi. Bahari ya nje hutulia, na vyombo vidogo huweza kuvuka mwamba kuwafuata samaki wanaosafiri kwa makundi karibu na uso wa maji: nguru, jodari, kolekole na vibua. Zana kuu za huko ni mshipi, nyavu za kutega na, kwa wenye vyombo vikubwa zaidi, nyavu za kuzungushia.

Tofauti na pwani ya Tanga au Mombasa, ambako mvua za vuli na masika hutenganishwa na miezi mikavu, Mtwara ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mvua na kaskazi hukutana. Jambo hilo lina faida na hasara. Maji ya mto huongeza chakula cha kamba na samaki wa mdomoni, lakini siku za mvua dagaa hawakauki vizuri juani. Shehena iliyopatikana kwa urahisi inaweza kuoza ufukweni.

Kusi

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini nao huongezeka kasi. Mawimbi hupasuka juu ya mwamba wa nje, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hawezi kutoka kwa usalama.

Katika miezi hiyo uvuvi huhamia ndani ya ghuba, nyuma ya visiwa na rasi kama Msangamkuu, na katika vijito vya mikokoni. Hutegwa madema kwa ajili ya tasi, changu na pono. Madema ni mitego iliyosukwa kwa fito au mianzi, yenye mdomo mwembamba ambao samaki huingia lakini hupata shida kutoka. Pia hujengwa nyando, yaani nyua za fito zinazowazuia samaki maji yanapokupwa. Baadhi ya wavuvi huhama kabisa kwa wiki au miezi na kupiga kambi mahali penye samaki. Safari hiyo huitwa kwenda dago. Familia nyingi za pwani zina mashamba pia, kwa hiyo siku ambazo bahari haiendeki hutumika shambani.

Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vifupi vya mpito vinavyoitwa maleleji. Kile cha Oktoba na Novemba hupendwa sana, kwani bahari ni shwari na mvua kubwa hazijaanza.

Mwezi na maji

Ndani ya kila msimu kuna kalenda ya pili, ambayo ni ya mwezi. Wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja na kuleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo hufikia mita 3 hadi 4. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo na mikondo hulegea.

Katika pwani ya Afrika Mashariki maji ya bamvua hukupwa karibu saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, kisha muda huo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ndiyo sababu siku za bamvua hufaa kwa kazi ya kutembea kwa miguu mwambani: mwamba hubaki wazi mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha. Kwa upande mwingine, wavuvi wengi wa mshipi hupenda maji mafu, kwa sababu mkondo hauburuti chambo.

Dagaa hufuata kanuni nyingine. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi pia taa za umeme wa betri. Taa huwavuta wadudu wadogo wa majini, na dagaa huwafuata. Mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu yake, hivyo vyombo vya dagaa hupumzika siku za mwezi mpevu na kurudi wakati wa giza.

Pweza na kazi ya wanawake

Pweza wa mwambani (Octopus cyanea) huvuliwa kwa kijiti au chuma chembamba kinachochomekwa pangoni. Kazi hii hufanywa na wanaume na wanawake, kwa kuwa haihitaji chombo. Wanawake pia hukusanya chaza na kome, na hutanda: wawili hushika ncha za kitambaa au wavu mwembamba na kuukokota katika maji ya magotini ili kupata uduvi na samaki wadogo.

Pweza huishi takriban mwaka mmoja tu. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai pangoni bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Kwa kuwa pweza hukua upesi sana, kumwacha kwa miezi michache huongeza uzito wa mavuno. Kijiji cha Andavadoaka nchini Madagaska kilianza kufunga sehemu ya mwamba kwa muda mwaka 2004, na utaratibu huo umefuatwa katika maeneo kadhaa ya Tanzania, yakiwemo Songosongo, Mafia na Pemba. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500.

Kuhifadhi na kuuza

Bila barafu, samaki wa nchi ya joto huharibika ndani ya saa chache. Dagaa huanikwa juani, samaki wakubwa hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa kuwa ng'onda, na wengine hubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Namna hizi ndizo zinazowezesha samaki wa chumvi kufika sokoni Nanyamba, mji ulioko bara kwenye barabara ya Mtwara kuelekea Tandahimba na Newala. Wachuuzi hununua ufukweni na kusafirisha kwa baiskeli, pikipiki au gari.

Soko la bara lina msimu wake pia. Nanyamba ni nchi ya korosho, na mavuno pamoja na minada huleta fedha hasa kati ya Oktoba na Desemba. Kipindi hicho hukutana na bahari shwari ya maleleji, kwa hiyo mvuvi hupata samaki na mnunuzi hupata fedha kwa wakati mmoja. Katikati ya kusi mambo hugeuka: samaki ni wachache, na fedha za korosho za mwaka uliopita zimekwisha.

Tatizo la kusi

Ugumu mkubwa wa uvuvi huu unatokana na jiografia yake. Maji tulivu ambayo mvuvi hukimbilia wakati wa kusi ndiyo malezi ya samaki wachanga. Mwenye mtumbwi hana mahali pengine pa kwenda, na familia haiwezi kungoja miezi mitano bila kitoweo wala kipato. Juya au kokoro linalokokotwa hadi ufukweni, nyavu zenye matundu madogo na vyandarua vya mbu huleta chakula cha leo, lakini huwachukua samaki ambao wangevuliwa nje ya mwamba wakati wa kaskazi baada ya kukua. Kokoro hung'oa pia majani ya bahari.

Zana hizo zimepigwa marufuku, lakini marufuku humgusa zaidi asiye na chombo cha kwenda kilindini. Ndiyo maana mabishano kuhusu nyavu katika pwani hii mara nyingi ni mabishano kuhusu umaskini.

Baruti

Uvuvi wa baruti ulianza kuenea Tanzania miaka ya 1960 na ulikatazwa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo mingi, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana. Mlipuko huua samaki wakubwa kwa wadogo, wengi wao huzama bila kuokotwa, na matumbawe husagika kuwa kifusi. Mwamba ulioharibiwa hivyo huhitaji miongo kupona.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa pwani ya Mtwara na Lindi waliungana katika umoja ulioitwa Shirikisho ili kupinga baruti. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ilifuatwa na kuimarishwa kwa vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali vijijini, vinavyojulikana kama BMU.

Hifadhi ya bahari

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ina eneo la kilomita za mraba 650, na karibu theluthi moja ni nchi kavu. Vijiji vimo ndani ya mipaka yake, hivyo wakazi huruhusiwa kuvua kwa masharti ya zana na ya maeneo. Baadhi ya wanavijiji waliipinga tangu mwanzo, wakihofia kupoteza maji yao ya kusi. Wengine waliiona kama kinga dhidi ya baruti.

Usalama

Vimbunga hufika Mtwara kwa nadra, lakini vinapokuja huwa mara nyingi wakati wa mpito kutoka kaskazi kwenda kusi. Kimbunga kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kusini mwa mpaka, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa tahadhari kwa wakazi wa Mtwara na Lindi. Mapigano yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 nayo yameongeza hatari ya kwenda dago upande wa pili wa Ruvuma.

Tazama pia

- Mto Ruvuma
- Nanyamba
- Mikindani
- Ngalawa
- Mikoko
- Pepo za misimu