Kupima Uchachu wa Maziwa kwa Haki

Karani anaporudisha maziwa ya mwanachama kwa kuyanusa tu, ubishi hauishi. Titresheni huleta tarakimu mahali pa ubishi.

Mpimaji huyakoroga maziwa, huchukua mililita 10 kwa pipeti, na kuyatilia matone machache ya fenolfthalini. Kisha hudondosha sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita kutoka katika bureti, huku akitikisa chupa. Rangi ya waridi hafifu ikidumu nusu dakika, huacha na kusoma kiasi kilichotumika.

Kila mililita 1 ya besi hiyo hubatilisha gramu 0.009 za asidi ya maziwa. Kwa hiyo mililita zilizotumika huzidishwa kwa 0.09 ili kupata asilimia. Mililita 1.8 ni asilimia 0.16, maziwa mapya ya ng'ombe kwa kawaida huwa kati ya 0.14 na 0.18. Mililita 2.8 ni asilimia 0.25, na maziwa hayo huweza kukatika yakichemshwa.

Makatibu wazingatie kwamba besi iliyoachwa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kudhoofika. Hapo mililita nyingi zaidi hutumika, na maziwa mazuri huhesabiwa yamechacha. Chupa ifungwe daima, na kipimo kiandikwe daftarini mbele ya mwanachama mwenyewe.