Barabara Kuu Buseresere: Fahamu Mipaka ya TANROADS na TARURA

Mwananchi wa Buseresere, wilayani Chato mkoani Geita, anayetaka alama ya kivuko cha waenda kwa miguu irudishwe mahali pake baada ya kugongwa na lori, anaweza kujikuta akipeleka ombi lake katika ofisi isiyohusika. Kwa macho, barabara za mji huo ni mtandao mmoja. Kisheria, zina wasimamizi wawili.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 imezigawa barabara za umma Tanzania Bara katika makundi mawili. Barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na barabara za mikoa, husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza kazi mwaka 2000 chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, mjazio na jamii, zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) chini ya TAMISEMI.

Kwa Buseresere, mgawanyo huo unaonekana wazi. Barabara ya lami inayokatiza mji huo ni barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Usagara, Sengerema na Geita kuelekea Mkoa wa Kagera. Ni barabara hiyo hiyo inayovuka Ziwa Victoria kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Mitaa inayochepuka kuelekea sokoni, shuleni na kwenye makazi iko chini ya TARURA.

Mipaka ya utawala haibadilishi umiliki wa barabara. Buseresere imepakana na mji wa biashara wa Katoro, ulio katika Wilaya ya Geita. Kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, Katoro ilikuwa Mkoa wa Mwanza na Buseresere Mkoa wa Kagera, lakini barabara ilibaki kuwa barabara kuu pande zote mbili.

Alama na hifadhi ya barabara

Alama hufuata barabara ilipo. Kibao cha mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi, michoro ya pundamilia, matuta na vibao vya maelekezo kwenye barabara kuu ni kazi ya TANROADS. Alama za mitaa ni kazi ya TARURA. Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi husimamia utii wa alama hizo, bila kujali zimewekwa na wakala gani. Kung'oa au kuharibu alama ni kosa la jinai, na nguzo inayouzwa kama chuma chakavu huacha watoto wa shule wakivuka mahali ambapo dereva mgeni hana onyo lolote.

Suala linalowagusa zaidi wafanyabiashara ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, sheria ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X zinazochorwa kwenye nyumba. Nyekundu humaanisha jengo limo ndani ya hifadhi ya awali na mmiliki hana haki ya fidia. Ya kijani huwekwa kwa aliyekuwapo kihalali katika eneo lililoongezwa, ambaye hustahili fidia eneo lake linapotwaliwa. Kwa hiyo, kibanda, bango la biashara au njia ya kuingilia kwenye kiwanja vikiwa ndani ya hifadhi, vinahitaji kwanza kibali cha wakala husika. Leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri haichukui nafasi ya kibali hicho.

Barabara kubadilishwa daraja

Barabara ya wilaya inaweza kupandishwa hadhi. Hoja huanzia katika halmashauri, hupita katika Kamati ya Ushauri ya Wilaya na kufikishwa kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Uamuzi wa mwisho ni wa Waziri mwenye dhamana ya barabara. Hadi uamuzi huo utolewe, matengenezo na alama hubaki kwa TARURA, hata kama barabara hiyo imeanza kupitisha magari mengi ya mizigo na ya migodini.

Kabla ya kuwasilisha ombi au malalamiko, mwananchi anashauriwa kubaini daraja la barabara. Barabara kuu na ya mkoa, aende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Barabara ya mtaa au ya kijiji, aende kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya. Asiyekuwa na uhakika aanzie kwa Mtendaji wa Kata, akitaja mahali hasa alama inapokosekana.